Muulize Fundi wa Gitaa: Chini Iko Sawa, Juu Inadanganya

Mwezi huu meseji ni nyingi na karibu zote ni za watu wa besi, sijui ni hili joto ama ni nini. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeipea nafasi kubwa kwa sababu nikiijibu vizuri nusu ya zile zingine zimejijibu, na nyinyi wa gitaa za solo vumilieni, zamu yenu inakuja.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi hupiga besi kanisani huku Kayole, ni ya nyuzi nne, ya mtumba, nilinunua kwa mtu pale Luthuli Avenue. Shida ni hivi, nyuzi zikiwa wazi zinakaa sawa kabisa na kibodi, freti ya tatu (vile vichuma vya kukatiza shingo) sawa, ya tano sawa. Lakini tukiingia sebene na mimi nikipanda huko juu freti ya 12 kwenda mbele, mtu wa kibodi ananiangalia vibaya. Nikachukua tyuna, kile kifaa cha kupima noti, nikaona freti ya 12 ya uzi wa E iko juu senti 6. Rafiki yangu akaniambia nizungushe zile skrubu za nyuma ya briji, pale nyuzi zinaishia mwilini, nikazungusha, sasa iko juu senti 14. Nimeharibu besi? Nilete kwako ama nianze kuchangisha ya kununua ingine?
Besi wa Kayole

JIBU: Hujaharibu kitu kaka. Umezungusha tu upande usiofaa, na kwa kuandika hizo namba mbili umenipea hesabu safi ya kuonyesha wengine, wengi huniandikia tu "besi inalia vibaya" alafu nakaa hapo kama mganga.

Tuanze na hizo senti, ni vipande vidogo vya kupimia sauti iko juu ama chini kiasi gani. Kutoka freti moja hadi ile inafuata ni senti 100, oktavu nzima, yaani freti 12, ni 1,200. Noti ikiwa peke yake na iko nje senti 6 mtu wa kawaida hatasema kitu, lakini ishikilie pamoja na kibodi utaskia sauti inayumba, inakuja inaenda. Ikiwa 14 ata mashemasi wa mlangoni wanajua kuna kitu hakiko sawa, hawajui tu ni nini.

Sasa kwa nini chini iko sawa na juu inakataa. Besi nyingi za kawaida zina urefu wa inchi 34 kutoka nati ya juu hadi sado, yaani kama milimita 864. Sado ni vile vichuma vidogo uzi unakalia kwenye briji, na nati ya juu ni kile kipande cha mfupa ama plastiki chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa, usiichanganye na nati ya boliti. Freti ya 12 iko nusu ya safari. Ukigusa uzi pole juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuubonyeza unapata hamoniki, ile sauti kama ya kengele, na hio ni oktavu safi ya uzi wazi. Ukibonyeza hapo hapo unafaa upate noti ile ile, lakini kubonyeza ni kuvuta, uzi umetoka kule juu ukashuka hadi kwenye ubao, na uzi ukivutwa sauti inapanda. Alafu uzi wa besi ni mnene na mgumu, pale mwisho kwenye sado haukunjiki kama kamba. Kwa hivyo watengenezaji hurudisha sado nyuma kidogo kuliko hizo inchi 34 kufidia. Angalia briji ya besi iliyosetiwa vizuri, kwa kawaida utaona sado zimekaa kama ngazi, ya E iko nyuma zaidi, ya G ndio iko karibu na shingo.

Basi: noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko hamoniki, sado inarudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, sado inakuja mbele. Mimi hujisemea "ikipanda, kimbia, ikishuka, karibia" na nimefanya hii kazi miaka mingi na bado hujisemea. Kwa briji nyingi ukikaza hio skrubu ya nyuma, upande wa saa, sado inavutwa nyuma. Ukilegeza inaenda mbele. Wewe ulilegeza.

Na hii ndio sehemu napenda. Kwa besi ya inchi 34 kila milimita moja unayosogeza sado inabadilisha freti ya 12 kwa kama senti 2. Ulitoka 6 ukafika 14, hizo ni senti 8, maana yake umeleta sado mbele karibu milimita 4. Rudisha hizo 4 upate pale ulikua, alafu uongeze 3 nyuma zile senti 6 za kwanza ziishe. Milimita 7 jumla. Chukua rula ya mtoto wa shule upime kabla na baada, hutakua unazungusha ukiomba.

Lakini bisibisi iweke chini kwanza. Hizo nyuzi zina umri gani?

Naskia tu "intoneshoni imeharibika", yaani noti hazikai sawa kutoka chini hadi juu ya shingo, nafika pale napata nyuzi zimekaa miaka mitatu na zimeona makesha yote. Uzi wa besi ni waya ya katikati imezungushiwa waya ingine juu yake, kama mbavu. Katikati ya mbavu kunaingia jasho, mafuta ya mikono, vumbi la Kayole, na kama nyinyi hupewa chai na mandazi kabla ya ibada basi ata mandazi iko hapo ndani. Huo uchafu haujipangi sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, unajaa pale vidole vinashinda, kwa hivyo sehemu moja ya uzi inakua nzito kuliko ingine, na uzi kama huo hauwezi kukupa oktavu ya ukweli ata ukirudisha sado hadi Thika. Jaribu hivi: pitisha ukucha chini ya uzi, ule upande unaangalia freti. Ukiskia mabonde kila penye freti, nyuzi zimekwisha. Najua kuna wenye huzichemsha kwa sufuria, na ni kweli uchafu unatoka na mng'ao unarudi siku chache, lakini yale mabonde hayachemki yakaisha. Na usitumie sufuria ya ugali tafadhali.

Ukifunga nyuzi mpya fanya kitu kimoja ambacho hakuna mtu hukufundisha: bonyeza uzi na kidole gumba mbele tu ya sado, na pia mbele ya nati ya juu, ushuke na kona kali. Uzi mnene wa E hupenda kupanda sado kama upinde, alafu hata haijulikani uzi unaanzia wapi, na wewe unapima urefu ambao haupo. Nishaona tofauti ya senti kadhaa ikipotea kwa kubonyeza tu, bisibisi bado iko mfukoni.

Baada ya nyuzi ni shingo. Shingo haifai kunyooka kama rula, inafaa iwe na kabonde kadogo sana katikati ili uzi upate nafasi ya kutetemeka. Weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya kwanza ama ubonyeze na mkono, mkono mwingine ubonyeze freti ya mwisho kabisa, sasa uzi wenyewe ni rula. Angalia nafasi katikati ya uzi na freti ya 8. Karibu milimita 0.3 ni sawa. Kadi ya ATM ina unene wa milimita 0.76, kwa hivyo kadi yako ikipita hapo chini bila kugusa uzi basi hio shingo imepinda sana, uzi uko mbali na freti, ukibonyeza unauvuta zaidi na noti inapanda, na wewe unalaumu briji bure. Hapo ndio trasirodi inaingia, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo. Ukikaza upande wa saa shingo inanyooka, ukilegeza inapinda zaidi. Robo ya mzunguko, alafu utyuni, uangalie tena, na ikiwezekana uiache ilale usiku mmoja. Hii Nairobi yetu joto kavu la Januari na Februari likishaisha mvua ya Machi inaingia, mbao nayo inakunywa unyevu inasonga, kwa hivyo usishangae ukirudia hii kazi mara mbili kwa mwaka.

Na alenkii, ile funguo ya pembe sita ya kuzungushia trasirodi, iwe ile yenyewe. Siku moja jioni, kesho yake nina harusi Limuru, nilitumia alenkii ya inchi iliyokua inakaribia badala ya ile ya milimita, nikajiambia itashika. Ikashika kidogo, alafu nikaskia krrr, nikaangalia na tochi, kile kitundu cha pembe sita kimekua mviringo kama pete. Harusi nilipiga na besi ya kuazima. Ile shingo bado ninayo, inatundikwa miavuli.

Kimo cha nyuzi nacho kipime kwa freti ya 17, kati ya milimita 2 na 2.5 uzi wa E ni sawa kwa watu wengi, nyuzi nyembamba zinaweza kushuka kidogo. Pikapu, vile visanduku chini ya nyuzi vinavyoshika sauti, zisiwe juu sana, zile ni sumaku, zikikaribia uzi sana zinauvuta na tyuna inaanza kucheza kama sindano ya petroli ya matatu. Bonyeza freti ya mwisho, acha kama milimita 3 kati ya uzi wa E na pikapu.

Sasa ndio uchukue bisibisi. Besi iwe mapajani ama kwa mkanda venye wewe hupiga, usiilaze mezani, shingo ikilala inakaa tofauti. Weka kebo iingie kwa tyuna ya pedali, ama utumie ata ya klipu, ya simu ikiskiliza na maiki yake inahangaika na uzi wa E kwa sababu hio E ni hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na maiki ya simu ilitengenezwa kuskia watu wakiongea. Tyuni uzi wazi kwa kupanda, usishuke ukafika, shuka zaidi alafu upande. Piga hamoniki ya 12, soma. Bonyeza freti ya 12 kwa nguvu ile ile wewe hutumia kanisani, isiwe ya kuonyesha fundi adabu, piga pole, soma. Legeza uzi kidogo kabla ya kuzungusha skrubu, kwa sababu ukilazimisha na uzi umekazwa utakula kichwa ya skrubu. Sogeza sado, kaza uzi, TYUNI TENA uzi wazi, pima tena. Wengi husahau hio ya kutyuni tena wanapima kitu tofauti kila mara wanakuja kusema tyuna ni mbovu. Ukifika senti 1 ama 2 wacha, enda ukunywe chai. Kabla ufunge begi pita freti ya 3, ya 5, ya 7 na ya 15, ukiona moja imekataa na zingine ziko sawa hio ni freti imelika ama imeinuka, sado haina makosa hapo.

Usichangishe. Nunua nyuzi.

SWALI: Buda niaje. Mimi yangu ni kinyume na za wengine. Freti ya 12 iko safi kabisa, nimepima na tyuna ya pedali nyuzi zote nne. Lakini freti ya kwanza na ya pili ziko juu, F kwenye uzi wa E inanionyesha senti 15 juu. Nyuzi ni mpya, za wiki mbili. Nimerudisha sado nyuma mpaka ikaisha na F haikusonga, sasa nimeharibu ya 12 pia.
Wa Pipeline

JIBU: Wewe umefanya majaribio mazuri bila kujua. Sado haiwezi kurekebisha freti ya kwanza. Freti ya kwanza iko kama milimita 48 kutoka nati ya juu, uzi uliobaki kutoka hapo hadi sado ni karibu wote, kwa hivyo ukitoa sado milimita nzima nyuma, freti ya kwanza inabadilika kama sehemu moja ya kumi ya senti peke yake. Ungehitaji briji ifike kwa jirani.

Shida iko upande ule mwingine. Mifereji ya nati ya juu haijachimbwa vya kutosha, uzi umekaa juu sana pale, na ukibonyeza freti ya kwanza unauvuta safari ndefu kwa nafasi fupi. Ukipanda freti ya tano hio shida imeshapungua, ndio maana watu wengi hawaijui, wanasema tu "besi yangu ni ngumu kwa vidole". Jaribu: bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, angalia nafasi juu ya freti ya kwanza. Inafaa iwe kidogo tu, kama karatasi moja ya daftari ipite. Ukiona kadi ya ATM inapita hapo pia, ndio hio.

Kuchimba si kazi ya msumeno wa chuma na naomba usijaribu, kila mwezi naletewa moja. Kuna faili maalum za unene wa kila uzi, na mfereji unafaa ushuke ukielekea kichwani ili uzi uachane na nati pale kwenye ukingo wa mbele, ule unaangalia freti. Ukichimba ukapita kidogo uzi wazi unaanza kulia zzz kwa freti ya kwanza na hapo ni nati mpya. Kwanza ata rudisha sado pale ilikua. Alafu niulize swali moja ujijibu mwenyewe: unabonyeza kama unaua kunguni? Freti zikiwa ndefu na mkono ni mzito, senti kadhaa zinatoka kwa kidole.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni dada napiga besi ya nyuzi tano, kanisa letu liko Rongai. Nyuzi nne ziko sawa, shida ni ule mnene wa B. Freti ya 12 iko juu, nimerudisha sado nyuma mpaka springi imebanwa yote na bado iko juu senti 5. Pia tyuna inaruka ruka, mara B, mara F#. Nimeambiwa besi ya bei rahisi ndio hua hivyo, ni kweli?
Dada wa Besi

JIBU: Dadangu, kuna ukweli kidogo na uongo mwingi hapo. B ya chini ni hezi karibu 31, na kwa inchi 34 huo uzi unakua mnene na mlegevu kwa wakati mmoja, ndio maana watengenezaji wengine wa besi za nyuzi tano huenda inchi 35. Lakini senti 5 ni milimita 2 na nusu tu, hizo tunazitafuta tunazipata.

Toa sado, toa ile springi kabisa ama ukate nusu yake, alafu urudishe. Springi iko hapo kuzuia sado isitembee, na uzi wenyewe ukikazwa unashikilia sado vizuri tu. Mara nyingi hapo ndio milimita zako zimejificha. Kabla ya hapo fanya ile ya kidole gumba niliyomwambia wa Kayole, kwa uzi wa B ni lazima, huo unapanda sado kama boda inapanda bampu. Ikibaki bado, badilisha uzi wenyewe. Kuna nyuzi za B ambazo zimepunguzwa unene pale mwisho unakalia sado, zinakunjika vizuri na intoneshoni yake hua rahisi kuliko ya uzi mnene hadi mwisho.

Kuhusu tyuna kuruka ruka, si besi. Noti ya chini hivyo, sauti zake za juu juu zinaweza kua na nguvu kuliko ile ya msingi, na F# ni moja ya hizo, kwa hivyo tyuna inaskia F# na haidanganyi. Tyuni kwa hamoniki ya 12, hapo uko hezi 62 na tyuna inapumua. Funga tonu yote, ile nobu ya kupunguza sauti za juu, piga na kidole gumba karibu na shingo, pole. Ukipiga kwa nguvu uzi wa B unaanza juu alafu unashuka, ukisoma mwanzo utasoma uongo.

SWALI: Kijana, nilipiga besi miaka ya sabini, hoteli na mabaa ya hapa mjini na safari nyingi za upcountry. Hatukua na hizi tyuna, tulitumia maskio na gitaa la solo, na watu walicheza mpaka asubuhi. Hii intoneshoni imetoka wapi? Mbona zamani haikuwepo?
Mzee wa Ngara

JIBU: Mzee wetu, ilikuwepo, ila nyinyi mlikua na akili ya kuikwepa. Leo kijana wa sebene anaishi freti ya 12 kwenda juu, na huko ndiko makosa ya sado hua makubwa. Mtu akikaa freti tano za kwanza atapiga maisha yake yote bila kujua sado iko wapi.

Na utapenda hii. Yule Mmarekani Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme 1951 aliiita Precision, kwa sababu tofauti na lile besi kubwa la kusimama hii ilikua na freti, unaweka kidole noti inatoka pale ilipo. Lakini ile Precision ya kwanza ilikua na sado mbili tu kwa nyuzi nne! E na A zinagawana moja, D na G zinagawana ingine. Ukirekebisha E umeharibu A. Ilipofika 1957 ndio kila uzi ukapewa sado yake. Kwa hivyo watu wa kwanza kabisa walikua na besi inaitwa Precision na hawawezi kuiseti kila uzi.

Maskio pia nayakubali, sitabishana na wewe. Ata besi ikisetiwa hadi senti sufuri bado freti zenyewe ni maelewano. Kutoka do hadi mi kwa kibodi ama kwa freti ni senti 400, lakini kwaya nzuri ikiimba bila vyombo inavutwa kuelekea 386. Hizo 14 ndizo zinafanya kwaya ya kijijini iskike tamu alafu kibodi ikiingia unaskia kitu kimekauka. Nyinyi mlikua mnavuta kidole kidogo bila mtu kuwaambia. Ukiwa bado na ile besi ya zamani ilete nione briji yake, si ya kuuza, nataka tu kuona.

SWALI: Mimi ni mzazi, sijui mambo ya gitaa. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema besi yake imeharibika sauti haiwezi kurekebishika na anataka ingine, amenionyesha kwa simu bei nikaketi. Hii aliyonayo nilimnunulia miaka miwili iliyopita. Ni ukweli ama naibiwa na mtoto wangu?
Mama wa Umoja

JIBU: Mama, pole, na kijana pengine hadanganyi, anaskia kitu kweli, ni dawa tu ndio ameandikiwa vibaya na marafiki. Muulize maswali mawili ukiwa umekaa naye. Umebadilisha nyuzi mara ngapi tangu tununue? Akianza kuangalia dari, jibu umelipata. La pili, mwambie apige uzi mmoja wazi, alafu apige uzi huo huo freti ya 12, ile yenye doti mbili. Wewe huhitaji kujua muziki, hizo sauti mbili zinafaa zifanane kama mama na mtoto, moja nene moja nyembamba lakini wimbo ni ule ule. Zikigombana, ni kusetiwa.

Kitu cha kuharibika kabisa ni shingo imejikunja kama sukuma wiki ya juzi, ama trasirodi imekatika, ama freti zimelika hadi zimekua bapa. Muangalie besi kutoka upande wa kichwa kama mtu anaangalia mbao kama imenyooka, ukiona upande mmoja umeinuka na mwingine umelala hapo ndio tuongee bei. Zaidi ya hapo mnunulie seti moja ya nyuzi, saizi 45 hadi 105 ndio ya kawaida kwa nyuzi nne za inchi 34, na umwambie asitoe nyuzi zote kwa mara moja, atoe mmoja afunge mmoja, shingo isishtuke. Alafu asome jibu la Besi wa Kayole hapo juu polepole, ana rula ya shule tayari.

Na ukimuona na alenkii mkononi kabla hizo nyuzi hazijafika, mnyang'anye.